Maji Yalifika Wapi?

Mnunuzi anayeingia yadi akiwa na hofu ya magari ya mafuriko huuliza swali moja: "Gari hili liliwahi kuingia maji?" Muuzaji hujibu hapana, na mazungumzo huhamia kwenye bei. Swali hilo halimsaidii mtu. Anayejua ukweli hana sababu ya kuutoa, na asiyeujua, kwa kuwa ni muuzaji wa tatu au wa nne katika mlolongo, atasema hapana kwa moyo mweupe kabisa. Hata jibu la ndiyo halitoshi. Gari lililolowa kapeti kwa saa mbili katika maji ya mvua, na gari lililolala siku tatu ndani ya maji ya bahari hadi kwenye usukani, yote mawili yaliingia maji. La kwanza linaweza kutengenezwa likadumu. La pili halifai kupandwa na mtoto wa mtu. Tathmini nzima husimama juu ya mambo matatu: maji yalipanda hadi wapi, yalikuwa maji gani, na yalikaa muda gani kabla gari halijakaushwa. Mnunuzi akiyapata hayo, au hata lile la kwanza peke yake, anaweza kuamua. Asipoyapata anacheza kamari na fedha alizozikusanya kwa miaka.

Tuanze na asili ya magari haya, kwa sababu wengi hudhani mafuriko ni habari ya jirani. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu vipimo vilipoanza kuwekwa huko mwaka 1949. Kituo cha Khatm Al Shakla, eneo la Al Ain, kilipima milimita 254 katika muda usiotimia saa 24. Oman ilikuwa imekumbwa siku hizohizo. Barabara za Dubai na Sharjah zilijaa maji na magari yakaachwa njiani. Dubai na Sharjah ndiko wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanakonunua magari na spea. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilizamisha mamia ya maelfu ya magari katika Houston na maeneo yake, na magari ya Marekani yenye usukani wa kushoto hupata wateja Kongo na Rwanda. Japani, chimbuko la sehemu kubwa ya mitumba yetu ya magurudumu manne, ilipigwa na kimbunga Hagibis Oktoba 2019. Na kwetu wenyewe, bonde la Msimbazi pale Jangwani limekwishazamisha hata mabasi ya mwendokasi yaliyokuwa kwenye karakana yake, na mvua za Machi hadi Mei 2024 zikaacha magari ndani ya maji katika mitaa mingi ya Nairobi.

Mkasa mmoja wa Hagibis unafundisha kuliko maelezo mengi ya ufundi. Mto Chikuma ulipovunja kingo zake mkoani Nagano, ulifurika hadi kwenye karakana ya treni za mwendo kasi. Treni 10, jumla ya mabehewa 120, zilisimama ndani ya maji. Makampuni ya reli yenye wahandisi, vipuri na fedha yalizichunguza, kisha yakaamua kuziondoa zote katika huduma badala ya kuzirekebisha. Mitambo ya umeme na ya breki iliyokuwa chini ya sakafu ilikuwa imelowa, na hakuna aliyekuwa tayari kuwaapia abiria kwamba ingefanya kazi siku zote. Mnunuzi wa gari dogo anapoambiwa kwamba fundi wa mtaani alilikausha juani kwa wiki moja na sasa liko sawa, na akumbuke uamuzi huo.

Lakini imani ya mafundi wetu haikuzuka hivihivi. Kuna Land Cruiser za miaka ya nyuma zenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, zilizovuka mito ya Katavi na Turkana mara nyingi zikaendelea na kazi. Pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa mitambo, nyaya ni chache, na kompyuta ya kuhuzunikia haimo. Gari la namna hiyo likizama, fundi hodari humwaga oili zote, husafisha matangi, hubadilisha beringi, hukausha stata na alternata, na kweli linarudi barabarani. Ujuzi huo ni wa haki na umeokoa magari mengi. Tatizo ni kwamba unahamishiwa kwenye Vitz, Aqua, Harrier na Note za leo, ambazo chini ya kapeti zina nyaya za viti, za mikanda na za sensa, na katikati, chini ya konsoli, mara nyingi pana kisanduku kinachoamua eabegi zifumuke au zisifumuke. Aina zote mbili zinaitwa gari, lakini mbele ya maji ni viumbe tofauti.

Maji huharibu kwa njia kuu tatu, na kila moja ina kasi yake.

Ya kwanza ni ya papo hapo. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa, pistoni hupanda kugandamiza kitu kisichogandamizika. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Kinachosalimu amri ni mkono unaounganisha pistoni na krenki: hupinda, na pengine huvunjika ukatoboa ubavu wa injini. Mkono uliopinda kidogo ndio wa hatari kwa mnunuzi, maana injini huwaka na gari hutembea, ila silinda moja ina mgandamizo mdogo kuliko wenzake na mtetemo haupotei hata baada ya kubadilisha maunti. Kupima mgandamizo wa silinda zote ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye geji. Tofauti kubwa ya silinda moja na nyingine haitibiwi kwa plagi mpya.

Ya pili huchukua wiki au miezi. Maji yakichanganyika na oili hutoa rangi ya chai ya maziwa, na hilo wengi wanalijua. Kwa hiyo kila muuzaji makini amekwishabadilisha oili ya injini. Oili safi haithibitishi kitu. Tazama chini ya kifuniko cha oili, na zaidi, uliza kuhusu giaboksi na difu, ambazo wasafishaji huzisahau. Difu iliyopashwa moto na safari kisha ikaingia ghafla kwenye maji ya baridi hupoa, hewa yake ya ndani husinyaa, na maji hunyonywa kupitia kitundu cha kupumulia. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna sahani za klachi zenye bitana ya karatasi maalumu iliyogundishwa kwa gundi. Karatasi hunyonya maji na gundi huachia. Gari litabadili gia vizuri siku ya majaribio, na baada ya miezi kadhaa litaanza kuteleza.

Ya tatu ndiyo ya polepole na ndiyo inayowaliza watu: kutu ya umeme. Waya wa gari umeundwa kwa nyuzi nyembamba za shaba zilizobanana ndani ya plastiki. Ncha yake ikilowa, maji hupanda ndani ya plastiki hiyo, yakisafiri mbali na mahali yalipoingilia, ndiyo maana soketi iliyokuwa juu ya maji nayo huja kuoza. Kama betri iliachwa imefungwa gari likiwa limezama, umeme uliendelea kupita ndani ya maji na kuila shaba kwa kasi ambayo kutu ya kawaida haiifikii. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na chumvi hiyo hupitisha umeme vizuri, kisha hubaki ndani ya soketi baada ya maji kukauka na kuvuta unyevu wa hewa kila usiku. Kwa gari litakaloishi Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu huo haukosekani. Maji ya mafuriko ya mjini nayo si ya mvua tupu. Yamebeba uchafu wa vyoo, mafuta na tope laini linaloingia hadi ndani ya swichi, na sponji iliyo chini ya kapeti huyahifadhi kwa muda mrefu, ikiotesha ukungu ambao mtu mwenye pumu ataugundua kabla ya fundi yeyote.

Kwa hiyo urefu wa maji unaamua. Yakiishia chini ya sakafu, vilivyoguswa ni beringi za magurudumu, difu, sensa za breki na pengine stata. Vyote vinakaguliwa na kubadilishwa kwa gharama inayokadirika. Yakilowesha kapeti, nyaya za chini, moduli ya eabegi na mikanda vimeingia kwenye mashaka. Yakifika juu ya kiti, magari ya haibridi yana jambo la ziada: Aqua ya kizazi cha kwanza imewekewa betri yake kubwa chini ya kiti cha nyuma, na Prius ya kizazi cha tatu nyuma ya kiti hicho, zikiwa na volti 144 na 201.6 kwa mpangilio huo. Hapo suala halihusu mfuko peke yake. Yakifika dashibodi, hakuna kilichobaki cha kutathmini.

Wajapani wenyewe wameupangia urefu wa maji hesabu. Mwongozo wa wakadiriaji wao hupunguza thamani ya gari kwa hadi asilimia 30 maji yakiwa yamefika sakafuni, kwa hadi 40 yakiwa yamefika juu ya kiti, na kwa hadi 50 yakiwa yamefika juu ya dashibodi. Tuchukue gari ambalo likiwa zima lingeuzwa shilingi milioni 15 za Tanzania. Kwa kipimo cha sakafuni lingeshuka hadi milioni 10.5. Naamini kwetu punguzo hilo ni dogo mno. Kule mnunuzi huambiwa, hupata gari lililokauka mapema, na ana gereji yenye vifaa karibu yake. Hapa mara nyingi haambiwi, na gari limekaa wiki kadhaa melini na bandarini likiwa limefungwa vioo, unyevu ukiwa ndani.

Namna ya kuutafuta mstari wa maji inahitaji subira, na inahitaji kujua msafishaji anafanyaje kazi. Yeye husafisha kinachoonekana na kushikika. Nenda mchana, gari likiwa baridi, na uombe vioo vifungwe kwa dakika kumi bila kiyoyozi kabla hujaingia. Harufu ya ukungu itakupokea mlangoni. Harufu kali ya manukato mapya katika gari la miaka saba nayo ni ushahidi wa aina yake. Kisha vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, wa mbele na wa nyuma. Sehemu ya mwisho ya mkanda hukaa imejikunja ndani ya nguzo ya gari na ni nadra kuoshwa. Hapo tope huacha mstari ulionyooka kama wa rula, na urefu wa roli ya mkanda ule kutoka sakafuni ndio kipimo chako cha kwanza cha kimo cha maji. Sogeza viti mbele uangalie reli zake, boliti zake na springi zilizo chini yake. Boliti zenye alama mpya za spana katika gari ambalo halijawahi kubadilishiwa viti zinataka maelezo. Bandua plastiki ya kizingiti cha mlango na uinue ukingo wa kapeti: bonyeza sponji kwa vidole, nusa, tazama kama kuna vumbi laini la tope lililokauka. Muuzaji anayekataa jambo hili dogo lisiloharibu chochote ameshakujibu.

Lala chali chini ya dashibodi ukiwa na tochi. Vyuma vinavyoshikilia pedeli na usukani havikupakwa rangi ya urembo, na kutu yao haifichiki kirahisi. Fungua kisanduku cha fyuzi, chomoa mbili tatu. Vumbi la kijani au jeupe kwenye miguu yake ni shaba inayooza. Grisi mpya inayong'aa kwenye soketi za gari kuukuu ni mtu aliyejaribu kuizuia. Kwenye buti, ondoa tairi la akiba: shimo lake ndilo bwawa la mwisho kukauka, na jeki na spana zilizomo huota kutu. Mbele, angalia taa kubwa kwa ndani. Ukungu unaotoweka taa ikipata moto si hoja. Mstari wa tope ndani ya kioo ni hoja. Taa mbili mpya kabisa kwenye gari lenye bampa la zamani nazo zina habari yao.

Hapa lazima tutofautishe, maana mkaguzi mwenye hofu huona mafuriko kila mahali. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, Hokkaido na Tohoku, huja na kutu nyingi chini kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu hiyo hukaa kwenye chesisi, egzosi na mikono ya sasipenshoni. Gari lililoishi karibu na bahari nalo hushika kutu kwenye kingo za milango. Hayo ni maradhi ya nje. Kutu ya mafuriko hukaa ndani, mahali ambapo theluji na upepo wa bahari havifiki: reli za viti, vyuma vya dashibodi, skrubu za konsoli. Vilevile kapeti lililolowa upande wa abiria pekee mara nyingi ni bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba, na lililolowa buti ni raba ya taa iliyochoka. Alama moja isikutie woga. Alama tatu zilizo kwenye kimo kimoja, mkandani, kwenye taa na kwenye sponji ya siti, huo ndio mstari wa maji, na hauna maelezo mengine.

Mashine ya kompyuta ya kusoma makosa ya gari ije baada ya macho, isitangulie. Makosa hufutwa kwa kubonyeza kitufe, na watu huonyeshwa skrini safi wakafurahi. Fundi wako aangalie kama mifumo ya kujipima ya gari imekamilisha vipimo vyake. Ikiwa karibu yote bado haijakamilika, kumbukumbu ilifutwa au betri ilichomolewa karibuni, na unastahili kuuliza kwa nini. Kisha washa swichi bila kupiga stata na utazame taa ya eabegi: inapaswa kuwaka sekunde chache, halafu izimike. Isipowaka kabisa, kuna aliyeiondoa au kuiunganisha na taa nyingine. Sijui udanganyifu mwingine katika biashara hii unaonikasirisha kama huo, kwa sababu anayeufanya anajua kwamba siku ya ajali kuna mtu atategemea kitu ambacho hakipo.

Karatasi nazo zina kazi yake, ila mipaka yake ijulikane. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada yenye daraja, mchoro wa mikwaruzo na maelezo ya mkaguzi kwa Kijapani. Maji yakigunduliwa, huandikwa hapo. Omba nakala ya asili badala ya tafsiri ya muuzaji, linganisha namba ya chesisi, na mpe mtu asiye na maslahi aisome. Cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirisha, kama kile kinachotakiwa na Shirika la Viwango la Kenya, kinasema gari lilifaa kwa barabara siku lilipokaguliwa. Soketi inayooza polepole inaweza kupita siku hiyo. Kadi ya gari ya Tanzania na logibuku ya Kenya zitakuonyesha mwenye gari, hazitakusimulia mafuriko. Bado zina faida. Magari yaliyolipiwa fidia huuzwa na makampuni ya bima kwa zabuni, yakanunuliwa na mafundi, yakarudi sokoni. Gari la Nairobi lililobadilisha wamiliki wawili ndani ya miezi michache baada ya Mei 2024 linastahili maswali ya ziada.

Sheria husaidia kidogo kuliko watu wanavyotumaini. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zote zimerithi kanuni ya Kiingereza kwamba mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo kukagua nusunusu kunaweza kukuumiza mara mbili. Dawa ni sentensi moja katika mkataba: muuzaji anathibitisha kwamba gari halijawahi kuingia maji hadi sakafuni au zaidi, na likithibitika vinginevyo atarudisha fedha. Kauli hiyo iandikwe pamoja na namba ya chesisi na isainiwe mbele ya shahidi. Mkataba wenye maneno "linauzwa kama lilivyo" unaweza kuidhoofisha kinga hiyo. Usiutie saini kwa gari usilolijua.

Je, kuna gari la maji linalofaa kununuliwa? Lipo. Ni lile ambalo mwenyewe anakiri, maji yalikuwa baridi yasiyo na chumvi, hayakuvuka kapeti, viti na kapeti viling'olewa siku hizohizo, na risiti za beringi, oili na moduli zipo. Kwa bei iliyoshuka kweli, mtu anayeishi karibu na fundi mzuri wa umeme anaweza kulichukua akijua kwamba naye atakapoliuza atapaswa kusema. Zaidi ya hapo mimi nakataa: la maji ya bahari kwa kimo chochote cha ndani, la haibridi lililovuka sakafu, na gari lolote lililozama hadi juu ya kiti, hata likitolewa kwa nusu ya bei. Hayo yana thamani kama spea za bodi, milango, vioo na rimu, na anayeyauza kwa njia hiyo anafanya biashara halali.

Na kama gari lililozama ni lako, usipige stata hata mara moja. Fungua waya hasi wa betri maji yakishashuka na ukihakikisha ni salama kulikaribia. La haibridi usiguse nyaya zake nene za rangi ya chungwa, mwite mtaalamu. Kabla ya kufuta chochote, piga picha za mstari wa maji mlangoni, kwenye viti na kwenye injini, zikiwa na tarehe. Zitakusaidia kwa kampuni ya bima wiki hiyo. Miaka miwili baadaye, utakapoamua kuliuza, mpe mnunuzi picha hizohizo pamoja na risiti za matengenezo, ili naye ajue maji yalifika wapi.